Wanafunzi wangu wamekiogopa Kifaransa. Nimekosea wapi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari mkoani Arusha, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nina wanafunzi 48 wa Kidato cha Kwanza, vipindi vitatu kwa wiki, dakika 40 kila kimoja. Vitabu tunavyo saba.

Januari walikuja na furaha ambayo sijaiona katika somo lolote. Walikuwa wakisalimiana "bonjour" hadi kwenye foleni ya chakula. Sasa muhula unakwisha na furaha ile imezimika. Nilianza kama nilivyofundishwa mimi: alfabeti, kisha être (kuwa) na avoir (kuwa na), kisha vitenzi vinavyoishia na -er. Naandika ubaoni, wananakili, tunasoma kwa pamoja. Maelezo natoa kwa Kiingereza kwa sababu shule yetu hairuhusu Kiswahili darasani. Lakini wengi wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza chenyewe bado kinawapiga chenga.

Kuna jambo moja linaloninyima usingizi. Mwezi uliopita nilimsimamisha kijana mmoja asome sentensi iliyokuwa ubaoni: Comment tu t'appelles? (Unaitwa nani?) Akasoma "komenti tu tapelesi". Darasa likaangua kicheko. Nikamrekebisha, akarudia vilevile. Nikamrekebisha tena, na mara ya tatu machozi yakamlengalenga. Tangu siku ile hajafungua mdomo katika kipindi changu, na wiki iliyopita ameomba ahamishiwe somo lingine. Wenzake kumi na mmoja wameomba pia.

Mkuu wa shule ameniambia kwamba mwakani, Kidato cha Pili kikikosa wanafunzi wa kutosha, somo litatolewa kwenye ratiba. Sina wa kumuuliza, maana mwalimu wa somo hili niko peke yangu. Nami sijawahi kufika Ufaransa, na nikijisikia nikitamka, wakati mwingine naona haya. Wanafunzi wakiniuliza "Kifaransa kitatusaidia nini?" nawajibu kwamba kuna ajira, lakini naona machoni mwao kuwa hawaniamini.

Nianzie wapi?

Mwalimu, Arusha

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwa yule kijana. Nianze naye, kwa sababu naamini jibu la karibu kila ulichouliza limo ndani ya "komenti tu tapelesi".

Kijana huyo hakubahatisha. Tangu darasa la kwanza amefundishwa kwamba kila herufi ina sauti yake na kwamba neno huishia kwa irabu. Kwa Kiswahili hiyo ni kweli tupu: ukijua ba be bi bo bu, unasoma gazeti. Akakutana na t mwishoni mwa comment, akaitafutia irabu ya kuegemea, akaipa i, kama lugha yetu ilivyofanya kwa shati na benki. Akakutana na s, akaitamka kwa sababu ipo. Alisoma kwa kanuni, na kanuni yake ni sahihi, ila ni ya lugha nyingine. Ungemwambia maneno hayo siku ile, mbele ya wenzake, kicheko kingekatika. Wewe hukuyajua wakati huo, na mimi pia nilipoanza kazi sikuyajua. Nilikuwa na wanafunzi 62, nikawajaza majedwali ya vitenzi, na kufikia mwezi wa tano walikuwa wananitazama kama wako chini ya maji.

Unachotakiwa kukiona ni hiki: Kiswahili kimo darasani kwako hata shule ikikipiga marufuku. Kimo katika masikio ya watoto na katika ndimi zao, kinafanya kazi kila dakika. Wewe unawafafanulia Kifaransa kwa Kiingereza ambacho wenyewe wanakiotea. Huko ni kuazima jembe la jirani, tena lenye mpini uliolegea, na lako limeegemea ukutani. Lichukue. Kwa Mswahili anayeanza Kifaransa, Kiswahili kina mlango wazi mahali pengi ambapo Kiingereza kimeujengea ukuta.

Chukua umri. Mwanafunzi anayepitia Kiingereza anafikiri I am fourteen, kisha anakuandikia je suis quatorze ans, nawe unamkata alama. Mrudishe nyumbani: nina miaka kumi na minne. J'ai quatorze ans. Nina njaa, j'ai faim. Nina kiu, j'ai soif. Nina usingizi, j'ai sommeil. Neno kwa neno, na hakuna cha kukariri. Hapo avoir haiwi tena jedwali, ni ile "nina" anayoisema kila siku.

Chukua vimilikishi. Mwanafunzi wa Kiingereza anahangaika na son na sa (zote ni "-ake") kwa kuwa yeye anatazama mwenye mali ni mvulana au msichana. Wetu hawana shida hiyo. Kiti chake, kalamu yake: cha na ya zinafuata kiti na kalamu, hazimfuati mwenyewe. Sa chaise, son stylo, ni desturi ileile. Na suala la jinsia lenyewe, le kwa nomino za kiume na la kwa za kike, ambalo vitabu vingi hulileta kama msiba, kwa mtoto aliyekua na ngeli ni jambo la kawaida. Akisikia mtu anasema "kiti yangu" anashtuka kabla hajaambiwa kwa nini. Mwambie Kifaransa kina makundi mawili tu ya nomino, kisha muulize Kiswahili kina mangapi. Waache wahesabu wenyewe: m-wa, m-mi, ki-vi, ji-ma... Nimeona watoto wakikaa wima kwenye viti vyao katika somo hilo, kwa sababu ni mara yao ya kwanza kuambiwa kwamba wanachokijua ni kigumu kuliko wanachojifunza.

Kuna zaidi. Ninakuona, je te vois: anayeonwa anakaa mbele ya kitenzi katika lugha zote mbili, wakati Kiingereza kinamtupa nyuma. Gari jekundu, une voiture rouge: sifa nyingi hufuata nomino. Anaongea, haongei: sisi hukikanusha kitenzi kwa kukibana pande mbili, ha- mbele na -i nyuma, na Mfaransa naye anakibana, il parle, il ne parle pas. Hata "Je, unaongea?" ina ndugu yake, Est-ce que tu parles? Zote zinaanza na alama ya kumtayarisha msikilizaji kwamba swali linakuja. (Hapo uwatahadharishe mapema kwamba je ya Kifaransa ni "mimi", isije ikawachanganya.)

Kiswahili hakitakubeba kila mahali, na usiwadanganye. Kwetu "ni" haibadiliki: mimi ni, wewe ni, wao ni. Kwa hiyo suis, es, est ni kazi ya kweli, inataka marudio mengi. Na "yeye" wetu ni mmoja, ndiyo maana watachanganya il na elle kama wanavyochanganya he na she. Usiwakasirikie. Wape picha za watu, warudie, watakosea, warudie tena.

Sasa masikio. Funga daftari kwa wiki tatu. Najua hili litakutisha, kwa sababu mkaguzi anataka kuona maandishi na mzazi anataka kuona daftari limejaa. Lakini tazama jedwali lako la parler (kuongea): je parle, tu parles, il parle, ils parlent. Umewanakilisha maumbo matatu tofauti ambayo sikioni ni sauti moja! Kwa mtu anayesikia bila kuona, kitenzi kile kina maumbo matatu tu kwa wakati uliopo: parle, parlons, parlez. Watoto wako wanakariri mzigo ambao mdomo hauuhitaji. Wasikie kwanza, waseme, wazoee, ndipo uandike. Na siku ya kuandika, tumia chaki ya rangi nyingine kwa kila herufi isiyosikika: t ya petit, s ya tu parles, ent ya ils parlent. Wataona kwa macho kwamba Kifaransa huandika zaidi ya kinavyosema.

Wapo wanafunzi watakaoandika pembeni kwa tahajia ya Kiswahili, "bonzhu", "komatapele". Walimu wengi wa somo letu hulikataza hilo kwa ukali. Mimi ninaliruhusu, kwa penseli, kwa wiki hizo za mwanzo, na baada ya hapo kila mtu achukue kifutio. Mtoto anayejitengenezea njia ya kukumbuka sauti anajifunza, hata kama njia yake ina mashimo.

Sauti zitakazowasumbua ni chache. U ya tu: waambie waseme i ya "sisi", waishikilie, kisha wakunje midomo kama wanaopuliza chai ya moto bila kuusogeza ulimi. Hapo watasikia tofauti ya tu na tout. Sauti za puani, bon, blanc, vin: wetu watataka kufunga kwa n au kwa ng' ya "ng'ombe". Waonyeshe kwamba ulimi haugusi popote mwishoni, na weka bon karibu na bonne ili wasikie n inapokuja kweli. Kuhusu r, uliza darasani nani anatamka vizuri gh ya "ghali" na "lugha". Atatokea mtoto aliyelelewa pwani, au aliyesoma madrasa, aliyeizoea ghaini ya Kiarabu. Huyo ndiye kiongozi wako wa r. Ya rouge iko jirani sana na gh hiyo, na ya très iko jirani na kh ya "kheri". Wasioiweza, waache na r yetu ya ncha ya ulimi. Wapo watu wengi Bujumbura na Lubumbashi wanaosema Kifaransa na r hiyo maisha yao yote, na wanaendesha ofisi.

Hilo linanileta kwenye haya unayoiona ukijisikia. Iache. Kufundisha Kifaransa hakudai uwe umeshuka uwanja wa ndege wa Paris. Kinachodaiwa ni wanafunzi wasikie sauti nyingine zaidi ya yako, na hiyo simu yako inaitosha, pamoja na spika ndogo. TV5MONDE, televisheni ya kimataifa ya Kifaransa, wana mazoezi ya bure ya wanaoanza kabisa. Wewe mwenyewe sikiliza taarifa ya habari ya RFI (redio ya kimataifa ya Ufaransa) ya Kifaransa rahisi, ni dakika 10, kila siku unapopika. Na Arusha hukosi Mrundi au Mkongomani: padre, fundi, mfanyabiashara. Mwombe aje kwa nusu kipindi. Watoto wakimsikia mtu mweusi kama wao akizungumza Kifaransa kwa ulaini, kisha akageukia Kiswahili chake cha Congo wakaelewana naye, utakuwa umefundisha jambo ambalo kitabu hakina.

Kazi ya darasani yenyewe, ningefanya soko. Kila mwongozo utakwambia ufundishe namba kuanzia moja hadi mia kwa mfululizo, na hapo ndipo soixante-dix (sabini, yaani sitini na kumi) na quatre-vingt-dix (tisini, yaani ishirini mara nne na kumi) zinapowavunja moyo. (Burundi na Congo husema septante na nonante, wanastarehe.) Fikiri fedha yetu. Nani ananunua kitu cha shilingi 73? Bei zetu ni mamia na maelfu. Ukiwapa un hadi dix (moja hadi kumi), ukaongeza cent (mia) na mille (elfu), tayari wana cinq cents, huit cents, deux mille, yaani wanaweza kununua soko zima. Kata karatasi ziwe noti, walete vifuniko vya soda viwe sarafu. Une mangue, un ananas, des tomates, du savon. C'est combien? (Bei gani?) Mille shillings. Ah non, c'est trop cher! (Ghali mno!) Msemo huo wa mwisho utapendwa kuliko yote, kwa sababu kupunguziwa bei ni mchezo wanaoujua vizuri. Vous, ile "wewe" ya heshima, uilete hapohapo: muuzaji aliye mtu mzima haitwi kwa tu, "wewe" ya kawaida. Aliyelelewa na shikamoo hahitaji somo hilo kwa jedwali.

Siku ya kwanza ya kuanza upya, andika ubaoni sukari, kahawa, sabuni, nanasi, safari. Mbele yake sucre, café, savon, ananas, safari. Sukari na kahawa zimefika kwetu na kwao kutoka Kiarabu, kila moja kwa njia yake, na safari Wafaransa wameichukua kutoka kwetu. Ukipenda ongeza divai, ambayo ni du vin ya Kifaransa iliyomezwa nzima pamoja na du yake. Lugha waliyoiogopa kumbe imekuwa ikikaa jikoni kwao.

Mitihani yako ibadilishe pia. Ukipima kwa karatasi tu, watasoma kwa karatasi tu. Wanafunzi 48 ni jozi 24. Kila kipindi ita jozi sita, dakika mbili kila moja, wasalimiane, waulizane majina na umri, wanunue kitu. Kwa vipindi vinne umewasikia wote, na katika kila kipindi dakika 28 bado ni zako. Hii haiwapotoshi kuhusu mitihani mikubwa. DELF, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, katika ngazi ya A1 ya wanaoanza, kwa mfano, ina sehemu nne zenye alama 25 kila moja, na mbili kati ya hizo ni kusikiliza na kuzungumza. Anayefaulu ni mwenye alama 50 asiyeshuka chini ya 5 katika sehemu yoyote, kwa hiyo aliye bubu hapiti hata awe bingwa wa kuandika. Alliance Française ya Arusha, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, iko karibu nawe. Nenda ukawaulize kuhusu mtihani huo, na uwaulize pia wana msaada gani kwa mwalimu aliye peke yake.

Kuhusu sheria ya kutotumia Kiswahili, usiivunje kimyakimya. Nenda kwa mkuu wa shule na ombi dogo: dakika tano za kila kipindi kwa Kiswahili kwa ajili ya kulinganisha lugha, na muda uliobaki Kifaransa chenyewe. Kiingereza ndicho kinachopungua, Kifaransa kinaongezeka. Kisha mwalike kwenye soko. Wanafunzi wakimpokea kwa bonjour monsieur (au madame), wakamuuzia nanasi na kumkatalia kupunguza bei, atakuwa na kitu cha kueleza kwenye kikao cha wazazi. Mkuu anayehesabu wanafunzi si adui yako. Anataka kuona darasa hai, nawe hujampa bado.

"Kitatusaidia nini?" Usiwaahidi ajira watoto wa miaka 14. Ajira kwao iko mbali kama uzee. Waambie yaliyo kweli na yaliyo karibu. Mlipo, wageni wanaozungumza Kifaransa wanapita kila wiki kuelekea Ngorongoro na Kilimanjaro, na mwongoza watalii anayewaelewa anaitwa kwa jina. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapo Arusha na Kifaransa ni moja ya lugha zake. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapo pia, na mwaka 2021 wakuu wa nchi wanachama walikubali Kifaransa kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi. Wapeleke wakaone majengo hayo kwa nje, hata kwa miguu kama shule iko jirani. Lakini sababu ya kurudi darasani Jumatatu itakuwa kwamba Ijumaa walicheka, wakanunua, wakaelewana.

Wale kumi na mmoja usiwafuate mmoja mmoja kuwabembeleza. Omba tu maombi yao yasubiri wiki tatu, na uwaambie wazi kwamba unabadilisha namna ya kufundisha kwa sababu wao wamekuonyesha kasoro.

Ila yule kijana mfuate. Mwite kesho asubuhi kabla ya mstarini, mkiwa wawili, na umwombe radhi kwa kumsimamisha mara tatu. Umwambie alichosoma kilikuwa Kiswahili sahihi, na umwonyeshe t na s zipi zinanyamaza. Usimtake aseme chochote. Kwenye soko mpe kazi ya kushika fedha, mwenye fedha husikiliza sana na husema kidogo: merci, cinq cents, voilà. Baada ya wiki kama mbili, siku ambayo darasa zima linaulizana majina kwa pamoja na kelele zimejaa, pita karibu na kiti chake, inama, umuulize wewe, kwa sauti ya chini: Comment tu t'appelles?

Kisha uniandikie alivyojibu.